Mbu wa Mtungini

Sura ya kwanza ya riwaya yangu ilianza hivi: mvua ilinyesha Newala siku saba mchana na usiku, madimbwi yakajaa, mbu wakazaliwa, na watu wakaanza kuanguka mmoja mmoja. Niliipenda sana sura hiyo. Niliiandika kwenye kaunta buku jipya, nikaisoma kwa sauti mara tatu chumbani kama mtangazaji wa redio. Mara ya nne nikamsomea bibi.

Bibi yangu mzaa mama ni Mmakonde wa Newala. Mwaka 1952 alikuwa mtoto wa miaka minane hivi, na siku hizi anakaa nasi hapa Mbagala. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchicha. Halafu akacheka.

"Mume wangu," akasema (ndivyo anavyoniita, si mnawajua bibi zetu), "hilo dimbwi umelichimba wewe? Newala dimbwi linakaa wapi? Maji yote yanazama mchangani. Mbu wa ugonjwa ule tulikuwa nao ndani. Mtungini."

Basi, sura ikafa palepale.

Ndugu wasomaji, wengi wenu mnaandika kama mimi, na mnajua uchungu wa kufuta kurasa kumi na mbili kwa sababu ya neno moja la bibi kizee. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kwenda maktaba, nia yangu ikiwa kumthibitishia bibi kwamba amekosea. Tangu darasa la tatu tulikariri kwamba mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama, kwamba msimu wake ni masika, kwamba tufyeke majani na kufukia madimbwi. Tukafyeka kweli, na fimbo juu. Sasa leo bibi ananiambia mambo ya mtungi?

Kumbe bibi alikuwa sahihi, na sahihi yake ni ndefu kuliko hata yeye alivyodhani. Inaanzia Unguja, inapita Newala, inafika Lamu na Ngazidja, na tawi lake moja limepita uani kwetu. Nitaisimulia kama nilivyoipata, ila kwanza niwatambulishe mbu wenyewe, maana kosa langu lilianzia hapo. Nilidhani mbu ni mbu.

Mbu wa malaria ni Anopheles. Huyu ni mtu wa usiku, na maji anayoyapenda ni ya nje: vijaruba, nyayo za ng'ombe zilizojaa maji ya mvua, kingo za mito. Masika ni sherehe yake. Lakini hata yeye hatawaliwi na mvua peke yake. Kijidudu cha malaria anachokinyonya kwa mgonjwa hakimfikii mtu mwingine siku hiyohiyo. Lazima kikomae kwanza tumboni mwa mbu, na kukomaa kwake kunategemea joto. Penye nyuzi 25 za sentigredi kinachukua kama siku 12. Baridi ikizidi kinachelewa, na chini ya nyuzi 16 kwa kile kijidudu chetu kikali zaidi ni kama kimesimama kabisa. Mbu mwenyewe umri wake ni wiki chache tu, kwa hiyo kwenye baridi anakufa kabla mzigo wake haujaiva. Ndiyo maana watu wa milimani walikuwa wakiteremka pwani wazima wakarudi wagonjwa. Hayo yalijulikana tangu Agosti 1897, Ronald Ross alipomwona mdudu huyo ndani ya tumbo la mbu kule Secunderabad, India. Kabla ya hapo wakubwa wa dunia walilaumu hewa ya mabwawa. Neno malaria lenyewe ni la Kiitaliano, maana yake hewa mbaya.

Mbu wa bibi ni mwingine kabisa. Anaitwa Aedes aegypti, mweusi mwenye madoa meupe miguuni kama aliyevaa soksi za timu ya mpira. Anauma mchana, asubuhi na jioni hasa, na anapenda kuishi ndani na binadamu. Dimbwi la tope halimvutii sana. Anataka maji masafi, yaliyotulia, yenye ukuta pembeni: mtungi, pipa, ndoo, tairi bovu, kopo la maua. Anataga mayai ukutani, juu kidogo ya pale maji yalipoishia. Mayai hayo yakikauka hayafi. Yanakaa miezi, yakisubiri, siku unayojaza tena maji yakayagusa ndipo yanaanguliwa. Toka yai mpaka mbu anayeruka, kwenye joto letu, ni kama wiki moja na ushee. Wala hasafiri mbali. Akizaliwa kwenye pipa lako, atakuuma wewe na jirani yako.

Shikilieni hilo la mayai, nitalirudia.

Sasa Unguja. Mwaka 1870 kisiwa kilikuwa ndiyo kwanza kinatoka kwenye kipindupindu kilichoua watu kwa maelfu. Ukaja ugonjwa mwingine, usioua sana, lakini ulioangusha mji. Mtu alikuwa mzima, ghafla viungo vinakaza, homa inapanda, hawezi kunyanyua mguu. Daktari mmoja wa Kizungu aliyekuwa akitibu hapo, James Christie, aliuandika ugonjwa huo katika jarida la madaktari la Uingereza mwaka 1872, na akaupa jina alilolisikia kwa wenyeji: kidinga pepo. Kamusi zetu mpaka leo zina neno kidingapopo, maana yake homa ya dengi. Christie aliandika pia kwamba wazee wa mji hawakushangaa. Walimwambia ugonjwa huohuo uliwahi kuja mwaka 1823, wakiwa vijana.

Wapo wanazuoni wanaodhani neno dengue, ambalo dunia nzima inalitumia, limetokana na kidinga hicho chetu, likavuka bahari na watumwa na mabaharia mpaka Karibi, ambako lilisikika katika miaka ya 1820 mwishoni. Wengine wanapinga. Mi naona raha tu kufikiri kwamba daktari wa Amerika ya Kusini anatamka Kiswahili bila kujua.

Christie hakumtaja mbu kwa sababu hakumjua. Ross alikuwa bado miaka 25 mbele. Alichokiona yeye ni safari: kwamba ugonjwa ulitoka Unguja, ukafika Aden na mwambao wa Arabuni, ukaingia India mwaka 1871 na 1872. Ukiitazama njia hiyo kwa macho ya mtu wa pwani unaitambua mara moja, ni njia ya majahazi na meli. Kaskazi inaleta vyombo kwetu, kusi inavirudisha. Na chombo cha baharini hakiendi bila maji ya kunywa. Chini ya sitaha kuna matangi na mapipa, yametulia, yana kivuli na ukuta pembeni. Mbu mwenye soksi hahitaji zaidi ya hapo. Abiria mgonjwa apande, mbu amnyonye, azae melini, na pepo za msimu zifanye kazi yake. Hapa ningependa wale wanaosema hali ya hewa ni mvua na jua tu wakumbuke kwamba upepo nao umo.

Tuache bahari, tupande mlimani. Nyanda za juu za Makonde ni kama meza kubwa kusini kabisa mwa nchi yetu, na Newala iko ukingoni mwa meza hiyo. Ukisimama pale panapoitwa Shimo la Mungu unaona ardhi imekatika chini yako na bonde la Ruvuma limetandazwa mbali huko mpaka Msumbiji. Juu ya meza udongo ni wa kichanga. Mvua inanyesha ya kutosha, lakini inazama, inapotea, kisha inatokea chini kabisa miguuni mwa mlima kama chemchemi. Watu wako juu, maji yako chini.

Kwa nini watu wakae juu? Kuna vita na uvamizi wa karne ya kumi na tisa, hilo wanahistoria wamelisema. Lakini kuna jibu jingine ambalo Karl Weule, Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliambiwa na wenyeji akaliandika. Ni hadithi ya asili ya Wamakonde. Alikuwepo mtu mmoja peke yake porini, nywele timtim, hajui kuoga. Akachonga sanamu ya mwanamke kwenye mti, asubuhi sanamu ikawa mtu, akawa mkewe. (Wachongaji wa Mwenge wanatoka mbali, bwana.) Wakateremka bondeni karibu na mto Ruvuma, mke akajifungua mtoto mfu. Wakahamia upande mwingine, karibu na bonde jingine, mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Wakarudi juu, kwenye kichaka kikavu cha Mahuta, na huko mtoto wa tatu akaishi. Wazee wakaacha agizo kwamba watu wakae mbali na mito na maji makubwa.

Nilipoisoma hadithi hiyo nilikaa kimya. Wajawazito wanajua malaria inavyoharibu mimba. Hapa kuna watu ambao hawakuwa na darubini wala Ross, na wameweka ramani ya malaria ndani ya hadithi ya watoto watatu. Sisemi kwamba hadithi ni ripoti ya hospitali. Nasema mtu aliyeitunga alikuwa amezika watoto.

Basi, wakamkimbia Anopheles wa bondeni. Bei ya kumkimbia ikawa safari ya maji. Wanawake walikuwa wanaondoka usiku, wanateremka mlima, wanakinga maji kwenye chemchemi, wanapanda nayo kichwani. Kiangazi foleni ilikuwa ndefu zaidi na chemchemi hafifu zaidi. Maji ya namna hiyo hayamwagwi. Yakifika nyumbani yanaingia mtungini, yanatumika kwa kata, na kesho yanajaziwa juu yake mengine. Nani aoshe mtungi kila wiki, na maji ya kuoshea yenyewe ni nusu siku ya miguu? Katika mitungi hiyo, ndani ya nyumba, gizani, yule mbu wa pili akawa amepewa chumba bila kodi.

Kati ya mwaka 1952 na 1953 ukaingia ugonjwa. Bibi anasema ulikuwa unashika nyumba nzima. "Leo baba, kesho mama, keshokutwa sisi wote tumelala kama magogo. Ukitaka kwenda choo unatambaa. Mtu mzima analia akishikwa mkono." Homa ilikuwa inakuja ghafla kiasi kwamba mtu aliweza kutaja saa ilipomwanza. Madaktari wa serikali ya Tanganyika ya wakati huo walidhani ni dengi. Marion Robinson aliandika dalili zake, na W. H. R. Lumsden kutoka taasisi ya utafiti wa virusi kule Entebbe, Uganda, akaandika jinsi ulivyoenea. Ripoti zao zilichapishwa mwaka 1955. Mwaka uliofuata R. W. Ross (huyu siye yule wa India) akaeleza virusi vilivyopatikana kwenye damu ya wagonjwa. Haikuwa dengi. Ilikuwa kitu ambacho sayansi haikuwa na jina lake.

Wenyeji walikuwa nalo jina tayari. Waliita chikungunya, neno la Kimakonde kutoka kitenzi kungunyala, yaani kujikunja, kupindika. Ni ugonjwa unaokukunja. Vitabu vingi vya nje, na hata magazeti yetu, vinasema ni neno la Kiswahili. Si Kiswahili. Bibi amenituma niliandike hilo kwa herufi zinazosomeka.

Lumsden na wenzake waliwakuta mbu wa Aedes majumbani na viluwiluwi vyao kwenye vyombo vya maji vya nyumbani. Hapo ndipo niliporudi kwa bibi na daftari langu mkononi, nikamwambia, "Bibi, umeshinda." Hata hakuacha alichokuwa anafanya.

Kitu kimoja zaidi kabla sijaondoka Newala. Baada ya chikungunya kupata jina, mtafiti mmoja, Carey, aliyasoma upya maandishi ya Christie na mwaka 1971 akasema kwamba kidinga pepo ya 1823 na ya 1870, kwa jinsi viungo vilivyouma na kuendelea kuuma baada ya homa kwisha, inafanana zaidi na chikungunya kuliko dengi. Ikiwa ni kweli, basi wazee wa Unguja, wagonjwa wa Aden na bibi yangu waliugua kitu kimoja, na dunia imekuwa ikiita ugonjwa mwingine kwa jina la huu wetu. Nimeipenda hoja hiyo na naiamini, ingawa damu ya mwaka 1870 haipo ya kupima.

Sasa Lamu, mwaka 2004. Hapa ndipo habari yangu inapogeuka kuwa ya hali ya hewa hasa. Miezi iliyotangulia pwani ya Kenya ilikuwa kavu na yenye joto kupita kawaida. Lamu ni kisiwa cha mchanga, watu wanategemea visima na majabia yao, yale matangi ya kujengwa ya kuhifadhia maji. Ukame ukija, watu wanahifadhi zaidi, na chombo kinakaa muda mrefu bila kumwagwa na kusafishwa. Mtoto wa Newala angeitambua hali hiyo. Katikati ya mwaka chikungunya ikalipuka. Watafiti walipopima damu za wakazi baadaye, waliona kwamba watu watatu katika kila wanne walikuwa wameambukizwa, kiasi cha watu 13,500. Lamu nzima ilikuwa inatembea kwa kushika ukuta. Na joto nalo lilisaidia upande wake, kwa sababu virusi ndani ya mbu, kama kile kijidudu cha malaria, huiva haraka kwenye joto. Kwa chikungunya ni siku chache tu.

Mwisho wa mwaka huohuo ilikuwa Mombasa. Mwanzoni mwa 2005 ikawa Ngazidja, Visiwa vya Ngazija au Komoro kama tunavyoviita. Na tazameni ajabu ya ardhi. Ngazidja ni kisiwa cha volkeno, mwamba wake umejaa matundu, mvua inazama kama kwenye chujio, hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Watu wanakinga maji ya paa kwenye birika za saruji. Meza ya Makonde ni mchanga, Ngazidja ni mwamba wa moto, lakini kwa mtu mwenye kiu ni nchi moja, maji yanakukimbia chini na wewe unayawekea akiba. Zaidi ya nusu ya watu wa kisiwa hicho waliambukizwa.

Kutoka hapo ugonjwa ukaenda Réunion, kisiwa cha Ufaransa, na huko mambo yakabadilika. Mbu wa huko hasa ni ndugu wa Aedes wetu, anaitwa Aedes albopictus, na virusi vikapata badiliko dogo la maumbile lililovifanya vimzoee ndugu huyo haraka. Ulipoingia msimu wa baridi wa 2005 wagonjwa walipungua, watu wakapumua. Walikuwa wanasubiriwa tu. Joto na mvua vilipokuja mwishoni mwa mwaka, moto ukawaka. Katika wiki moja ya Februari 2006 waliugua watu zaidi ya 40,000. Mpaka mwisho, kama thuluthi moja ya wakazi walikuwa wamepita humo, na vifo zaidi ya 200 vikahesabiwa. Kwa hiyo bibi naye asijivune sana. Ukame uliwasha kibiriti Lamu, lakini Réunion mvua na joto ndivyo vilivyopuliza.

India nako waliugua watu zaidi ya milioni moja mwaka 2006. Mwaka 2007, wakati wa kiangazi cha Ulaya, mgeni mmoja aliyetoka India akaupeleka katika vijiji vya Italia karibu na Ravenna, watu 200 na kitu wakaugua, mpaka baridi ya vuli ilipowanyamazisha mbu. Sijui Mwitaliano alitamkaje chikungunya kwa mara ya kwanza. Ningelipa nauli kumsikia.

Wasomaji wa bara watauliza, na sisi wa mafuriko je? Haki yenu. Iko homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa karibu na Naivasha miaka ya 1930 mwanzoni, inayoua ndama na kondoo kisha ikamrukia mchungaji. Mbu wake ni Aedes wengine, wa mbugani, ambao mayai yao yanalala kwenye udongo mkavu wa mabondeni kwa miaka. Mvua ya kawaida haiwaamshi. Mafuriko makubwa ndiyo yanayowaamsha, kama ya Elininyo ya 1997 na 1998 yaliyoleta msiba Garissa na Somalia, na tena mwisho wa 2006, mpaka ugonjwa ukaingia Tanzania mwaka 2007 na watu wakaacha kula nyama. Mayai yaleyale ya kusubiri, ila haya yanasubiri mafuriko. Hiyo nayo inastahili riwaya yake, aichukue kijana wa Dodoma au Garissa.

Mimi ninarudi uani kwetu.

Oktoba 2022 mto Ruvu ulipungua maji kwa sababu ya ukame, na Dar es Salaam tukaingia kwenye mgao. Mbagala tulikuwa tunaamka saa nane usiku kusikiliza bomba kama watu wanaosubiri mgeni. Nikanunua pipa la lita 200, nikalijaza kwa madumu ya mkokoteni. Lilikuwa na bati lake la kufunikia. Bati hilo nililichukua kuzibia banda la kuku, kwa sababu kuku walikuwa wanaibiwa na pipa haliibiwi.

Baada ya wiki mbili nikaona viluwiluwi vinacheza majini. Nikayatumia maji yote kufulia, nikaliacha pipa likauka juani siku nne. Nikajiona fundi. Halafu nikalijaza tena.

Nilisema nitarudia habari ya mayai. Sikulisugua pipa. Sikujua kwamba kuna kitu cha kusugua. Ule mstari mweusi mwembamba uliozunguka ndani, juu kidogo ya maji ya zamani, nilidhani ni uchafu.

Mdogo wangu wa kike alikuwa kidato cha tatu. Aliugua Jumatano mchana, tena kwa saa inayojulikana, akitoka shule. Tukampeleka zahanati moja ya mtaani. Kipimo cha malaria kikaonyesha hana. Wakampa dawa ya malaria. Siku ya nne tukarudi, kipimo kikasema hana tena, wakasema basi ni yutiai na taifodi, wakaandika sindano. Si mnajua, homa hapa mjini ina majina matatu tu, ukikosa la kwanza unapewa mengine mawili kwa pamoja. Pesa tuliyolipa ilikuwa ya ada ya mtihani wake.

Homa ikaisha, maumivu yakabaki. Asubuhi moja bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, akamwona anatoka ndani, mkono mmoja ukutani, mgongo umeinama, vidole vimekataa kushika kikombe cha chai. Bibi hakusema kitu muda mrefu. Kisha akatamka neno lile, si kwa kunieleza mimi, alilitamka kama mtu aliyemwona mtu wa kwao stendi ya basi.

Hakupimwa ugonjwa huo, kwa hiyo siandiki kwamba ndiyo wenyewe. Ingeweza kuwa dengi. Dengi ilikwishautikisa mji huu mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake ni huyuhuyu mwenye soksi. Vyovyote vile, pipa lilikuwa langu. Mdogo wangu alikosa shule wiki tano, na miezi mitatu baadaye alikuwa bado anashindwa kupiga mwandiko mrefu bila kupumzisha mkono. Sijamwambia habari ya bati la banda la kuku. Atalisoma hapa.

Miaka mia moja na nusu hivi imepita tangu kidinga pepo ya Unguja, sabini na ushee tangu Newala, na bado tukisikia mbu tunatazama mawingu. Tangazo la kufukia madimbwi linatolewa masika. Mgao wa maji ukitangazwa, sijasikia tangazo la pipa. Nikiuliza kwa nini, wenzangu kijiweni wananiambia kiangazi mbu hamna, huku wanajipiga kofi kwenye vifundo vya miguu saa tatu asubuhi.

Sura ya kwanza nimeiandika upya. Sasa inaanza usiku, kiangazi, mama yake bibi anaamka, anachukua mtungi mtupu, anawaacha watoto wamelala, anaingia njia ya bondeni na wenzake. Nimeandika kwamba waliondoka saa kumi alfajiri. Jana nilimsomea bibi. Alisikiliza mpaka pale wanapofika chemchemini na kukuta wanawake wengine wametangulia, akanisimamisha kwa mkono.

"Saa kumi utakuta tope," akasema. "Andika saa nane."

Nimefuta, nimeandika saa nane.